Nani Aliwatuma?

Nina ugomvi na kipindi cha redio chenye umri wa kuwa na wajukuu. Record Review ya BBC Radio 3, kule Uingereza, ilianza 1957, na mpaka leo kila Jumamosi kazi yake ni kusikiliza rekodi za muziki wa kina Bach na Beethoven, kisha kutuambia ipi inafaa na ipi imebuma. Zamani walikuja asubuhi wakaniharibia chai. Sasa wamehamia mchana, wananiharibia usingizi.

Hasa kile kipengele cha Building a Library. Mhakiki anachukua kazi moja tu, tuseme Simfonia ya Tano ya Beethoven, anatandaza rekodi zake kama mchuuzi wa mitumba, anaanza kuchambua. Huyu kakimbia. Yule kasinzia. Wa tatu tarumbeta zake zimewameza wapiga fidla. Na muziki wenyewe haachi ukolee! Ndiyo kwanza unatikisa kichwa, anaukata, anatia maneno yake.

Santuri niliyoipenda miaka yote bila kuiona kasoro, naambiwa imepooza. Na kweli, tangu hapo kila nikiiweka naisikia imepooza.

Wangekuwa wanashindana watu tofauti, ningevumilia. Glenn Gould, Mkanada yule, alirekodi Goldberg Variations za Bach mwaka 1955, zikachukua dakika kama 38. Mwaka 1981 akazirudia, zikafika 51. Mtu yuleyule, noti zilezile, na kote anaguna chinichini huku akipiga piano. Wajuzi wamegawanyika: wengine wa kijana, wengine wa mzee. Wapo pia wapatanishi, wanaosema mstaarabu huwa nazo zote mbili. Kwa pesa za nani, hapo kimya.

Mke wangu anapiga pasi, kachoka.

"Baba Salma, hivi si wimbo uleule tangu saa ile?"

Namweleza kwamba huyu wa sasa mwendo wake una uhai zaidi.

"Haya, nani kashinda?"

"Mmoja hivi. Ila rekodi yake haiuzwi tena."

"Sisi tunayo ya nani?"

"Ya mwingine. Hata hawakumtaja."

"Kwani huyo wetu aliishia njiani?"

"Hapana, alipiga mpaka mwisho."

"Basi muweke yeye, angalau tusikie unavyoisha."