Shangazi wa Maua: Usimzamishe Umpendaye

Nimempa kila kitu, bado ananyauka

Kwako shangazi. Tangu Machi ninaishi na mmea wa ZZ hapa Awasi. Kila asubuhi kabla sijafungua duka, humpa kikombe kizima cha maji. Sasa amegeuka manjano, na jana shina moja lililala chini lenyewe. Mbona hana shukrani?
*Kupitia SMS*

Unamzamisha. Huyo hana kiu: chini ya udongo ana viazi vinene ambavyo kazi yake ni kuweka akiba ya maji ya kiangazi. Tena nashuku umempanda kwenye udongo mweusi wa Kano, ule unaonasa gamubuti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Unafaa mpunga wa Ahero, haumfai huyu. Mng'oe leo. Kiazi kigumu ni kizima. Kilicholainika na kunuka, kata utupe, halafu acha kidonda kikauke siku mbili tatu. Mpande upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mto na kumvi za mpunga, ndani ya mkebe uliotobolewa chini kwa msumari. Kabla ya kumwagilia, dunga kijiti hadi chini. Kikitoka na unyevu, weka kikombe chini uende dukani. Wiki mbili au tatu bila maji hazimuui.

Mama mkwe anataka atoke

Vipi shangazi? Mama mkwe alitutembelea, akaona ZZ sebuleni, akasema ina sumu na itatuletea saratani. Mume wangu amenyamaza. Nimchague nani?
*Kupitia SMS*

Baki na wote wawili. Hilo la saratani ni uvumi. Sumu ipo kidogo: utomvu wake una fuwele ndogo kali zinazowasha mdomo na ngozi. Mweleze mama kwa heshima kwamba ZZ ni ya ukoo mmoja na nduma, naye anajua nduma isiyoiva inavyowasha koo. Ila hii hailiwi hata ikichemshwa. Iweke juu, mtoto anayetambaa na mbuzi wasiifikie, na unawe mikono kila ukimaliza kuikata. Kuhusu mume aliyenyamaza, niandikie barua nyingine.

Jani langu halizai

Shangazi, jirani alinipa jani moja la ZZ nipande. Miezi mitatu sasa, halioti wala halikauki. Kila Jumapili nalichomoa kuangalia. Pia nalipaka mafuta ya kupikia ling'ae, maana matrekta ya miwa yanatujaza vumbi.
*Kupitia SMS*

Wewe ndiye unayelichelewesha. Jani hilo hutengeneza kiazi na mizizi kwanza, na chipukizi linaweza kuchukua hata mwaka. Mmea wenyewe umezoea kungojwa. Humea porini kuanzia Pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini, na wataalamu wa London waliuandika mwaka wa 1829, lakini wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi 1996. Dunia ilingoja miaka 167. Wewe Jumapili kumi na mbili zimekushinda? Lirudishe udongoni, liweke karibu na dirisha pasipochomwa na jua la mchana, na vumbi ulipanguse kwa kitambaa chenye maji. Mafuta huziba vitundu ambavyo jani hupumulia. Yarudishe jikoni ukaangie omena.