Unataka Kujenga Kituo cha Data Dar? Tuhesabu Kutoka Saba Kushuka

Kituo cha Taifa cha data, kile kinachoendeshwa na TTCL, kiko Kijitonyama, Kinondoni. Sasa na wewe una kiwanja na mtaji. Haya, tuanze na jepesi, tumalizie na linaloua mradi.

7. Seva. Ndizo wageni rasmi hupiga nazo picha. Ndizo rahisi pia: unanunua, unafunga kwenye rafu, kwisha.

6. Moto. Chumba cha seva huzimwa moto kwa gesi. Zile ndoo nyekundu za mchanga waachie wenye sheli.

5. Joto. Hewa inayoingia kwenye seva inatakiwa iwe nyuzi 18 hadi 27. Dar ya Februari inapita 30, na chumvi ya bahari juu. Ulaya wanafungua madirisha. Wewe ukifungua, umekaribisha kutu. Panga rafu ili hewa baridi na ya moto zisikutane. Na usilete kiyoyozi cha sebuleni: kile kimezoea kupumzika, seva hazipumziki.

4. Nyaya. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikachechemea nchi nzima. Chukua njia mbili, ziingie jengoni pande mbili. Kampuni mbili kwenye mtaro mmoja ni bure. Sururu ya mchimba bomba haisomi nembo.

3. Bonde. Karakana ya mwendokasi pale Jangwani, kwa mafuriko yake, imeshafunza kila mtu, isipokuwa dalali. Akikuapia kwamba maji hayafiki, mwulize jirani alijengea nini ngazi nne mlangoni.

2. Umeme. Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilizima, na haukuwa utani wa Siku ya Wajinga. Betri zinabeba dakika chache tu, mpaka jenereta ichanganye. Kiwango cha Tier III cha vituo vya data ni kuwaka asilimia 99.982 ya muda, yaani kuzimika saa moja na nusu hivi kwa mwaka mzima. Mbagala watakwambia hiyo ni ya asubuhi moja.

1. Kujizimia mwenyewe. Kabla ya mteja wa kwanza, kata umeme kwa mkono wako, mchana kweupe, mzigo ukiwa kamili. Jenereta ikikohoa, heri ikohoe mbele ya mkandarasi anayekudai kuliko mbele ya benki inayokulipa. Naye akisema, "Bosi, iko poa, hakuna haja," weka kalamu mfukoni.