Jinsi ya Kuingia Ndani ya Seli Bila Kurudishwa Mlangoni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya molekuli, ioni na chembe nyingine zinazozurura mwilini mwa binadamu zikitafuta pa kuingia. Mwenye mwili naye anaruhusiwa kuusoma, maana gharama zote analipa yeye.

Kwanza, jitazame. Kama wewe ni oksijeni, kabonidayoksaidi au pombe, hapa unapoteza muda. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zenye unene wa takriban nanomita 5 tu, na hauna neno nanyi. Penyeni kutoka palipojaa kwenda palipopungua, bila kibali wala hodi. Kwa nini utando umzuie glukosi, ambaye ndiye chakula chenyewe, huku ukimwachia pombe njia nyeupe? Peleka malalamiko kwa wahusika. Sisi tunatoa mwongozo tu.

Ukiwa maji, usijivunie udogo wako. Kwenye mafuta utapenya kwa kusuasua. Wenye haraka hutumia akuaporini, protini iliyompatia Mmarekani Peter Agre Nobeli ya kemia mwaka 2003. Humo mnapita kwa foleni, molekuli moja moja. Wala msijidanganye kwamba mnakwenda mnakotaka. Mnakwenda kwenye chumvi au sukari nyingi, na hiyo ndiyo osmosisi.

Ioni, kwenu habari si nzuri. Mna chaji, na mafuta hayataki kuiona. Tafuteni mfereji wenye jina lenu, wala msijaribu kughushi. Mfereji wa potasiamu humkatalia sodiamu ingawa sodiamu ndiye mdogo. Upenyo wake umekatwa kwa kipimo cha potasiamu, kwa hiyo sodiamu akiyavua maji yaliyomzunguka ili apite, anapwaya na kukosa pa kushika. Kwa kila sodiamu anayebahatika, potasiamu hupita kwa maelfu.

Na wewe sodiamu, hata ukipata mlango wako, usifungue mizigo. Ndani kuna pampu ambayo kazi yake ni kukutoa. Jens Christian Skou wa Denmark aliielezea mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa. Kila mzunguko inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, na inakula molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli. Haipumziki, hata mwenye mwili akilala fofofo. Unaona ni uonevu? Ni hesabu. Ukishatupwa nje kwa wingi, hamu yako ya kurudi inakuwa kubwa, na seli inaitumia hamu hiyo kufanyia kazi nyingine.

Hapo ndipo anapoingia mheshimiwa glukosi. Mkubwa, mpenda maji, mafuta hayamtaki kabisa. Kwenye misuli iliyopumzika humsubiri insulini aamrishe milango isogezwe kwenye utando. Lakini kwenye utumbo mwembamba tunashauri kujuana. Kuna protini pale isiyompitisha glukosi akija peke yake. Lazima aongozane na sodiamu wawili. Sodiamu anakimbilia ndani, glukosi anapanda lifti hiyo hiyo, na maji yanafuata nyuma. Mwanabiokemia Robert Crane alieleza ushirika huu mjini Prague mwaka 1960.

Usiudharau ushirika huo. Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kuacha wazi milango ya kloridi. Kloridi anatoka, sodiamu anamfuata, maji yanawafuata wote wawili, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Kumpa maji matupu hakusaidii kitu. Ila bakteria wa kipindupindu, kwa ujanja wake wote, mlango wa sodiamu na glukosi hakuugusa.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi hadi Bangaon, India, dripu zilikuwa zinakwisha huku wagonjwa wamelala sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza glukosi, chumvi na magadi ya kuokea vichanganywe na maji, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kambini hapo vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Hakuna mtambo uliohitajika; mtambo ulikuwa tayari kwenye utando, ukisubiri wasafiri wawili wafike pamoja.

Sasa neno kwa mwenye mwili, hasa yule anayeonja ORS, yaani mchanganyiko kama huo wa glukosi na chumvi unaouzwa kwa pakiti, anakunja uso, kisha anaongeza vijiko viwili vya sukari ili mtoto ainywe. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2002 una glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6 kwa lita, pamoja na chumvi nyingine mbili, ili idadi ya glukosi na ya sodiamu zilingane. Sukari uliyoongeza haina wa kuongozana naye. Itabaki utumboni, itavuta maji kutoka mwilini, na mtoto atazidi kuhara. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na kijiko cha sukari kirudishe kwenye chai.