Risala kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Ukavu wa Ngozi

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Sisi wenye miguu iliyopauka wa Manispaa ya Mpanda, pamoja na jirani zetu wa Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, tunayo furaha kubwa kukupokea tena. Wageni wengine hutufikia kwa msafara wa magari na ving'ora, wakaondoka kabla chai haijapoa. Wewe huja mvua zikikatika, ukalala kwetu kipupwe chote, ukavumilia vumbi la bodaboda mpaka mawingu yarudi mwishoni mwa mwaka. Mkoa wetu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wewe ulikuwapo. Kwa uenyeji, umeuzidi hata mkoa.

Umetekeleza usawa ambao wengine wanauhubiri tu. Asubuhi ya Julai, mwenyekiti wa mtaa na muuza karanga wa stendi wakipandisha suruali, muundi ni ule ule, mweupe kama umemwagiwa unga. Mtoto wa Makanyagio hahitaji daftari: anaandika herufi kwa ukucha kwenye paja lake, mama anazifuta kwa kiganja chenye mafuta.

Wahenga walituambia tujikune tujipatapo, ila kuhusu pale katikati ya mabega walinyamaza. Hapo ndipo ulipojenga mshikamano. Ndugu walionuniana tangu msibani wamelazimika kusemeshana: "Hebu nikune hapo. Juu kidogo. Siyo hapo, kushoto!" Asiye na ndugu ana gunzi la muhindi. Ayubu alitumia kigae, na ingawa yake yalikuwa majipu, tunamhesabu kuwa mwanachama mwanzilishi.

Sifa zako zimefika mpaka Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mto Katuma unapobaki madimbwi ya tope, viboko hurundikana humo wakibanana, maana ngozi yao ikikaukia juani hupasuka. Lakini wenzetu wamependelewa: mwilini mwao hutoka ute mwekundu ambao watu waliuita jasho la damu, na mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kwamba rangi zake huzuia makali ya jua na kudhibiti bakteria. Kiboko, basi, anajitengenezea losheni mwenyewe, bure, bila harufu ya waridi. Sisi inatubidi twende sokoni.

Na huko sokoni ndiko ulikotufumbua macho. Mawese ya mwambao wa Ziwa Tanganyika tulidhani ni ya maharage tu, samli ya wafugaji wa Kisukuma tukaiona ya wali, alizeti ya kukaangia. Kumbe kabati la jikoni ni duka la dawa. (Mawese yapakwe usiku, na fulana kuukuu, shati jeupe halisamehe.)

Huna siri, Mheshimiwa, na hilo tunalipenda. Tabaka la juu la ngozi hushika maji kwa msaada wa mafuta yake ya asili. Maji ya moto na sabuni ya mche huyang'oa mafuta hayo, kisha upepo mkavu hunyakua maji yaliyobaki. Mafuta tunayopaka hayaleti maji mapya. Yanayazuia tu yaliyopo yasitoroke. Anayeoga, akasubiri akauke, akavaa, akanywa chai, ndipo akakumbuka mafuta, anapaka juu ya ukame. Tuoge maji ya uvuguvugu, tusikae bafuni mpaka taarifa ya habari iishe, tujifute kwa kugusagusa, tupake ndani ya dakika 3 mwili ukiwa bado na unyevu. Huo ndio utaalamu wote. Wanaouuza kwa bei ya mbuzi wameuongezea kopo zuri.

Shukrani za pekee ziwaendee nyuki wa Inyonga, kule Mlele. Watu hugombania asali na kuisahau nta. Chukua sehemu 1 ya nta na sehemu 4 za mafuta ya alizeti, weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka viyeyuke pamoja, mimina kwenye kopo safi. Vikipoa unapata mafuta mazito ya kupaka magaga usiku, na soksi juu yake. Mwenye haraka anunue mafuta ya mgando dukani, yale ambayo Robert Chesebrough wa Marekani aliyapatia hataza mwaka 1872 baada ya kuyachuja kutoka mabaki ya visima vya mafuta. Achague yasiyo na manukato. Ngozi inayowasha haitaki kunukia.

Mheshimiwa, risala haikosi changamoto. Kwanza, wapo wanaouza krimu za kuchubua kwa kutumia jina lako: wanaahidi kulainisha, wanaishia kubandua. Pili, na hili ni zito zaidi, upele anajipitisha mitaani akidai ni wewe. Tumemtambua. Huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, wala haridhiki na mtu mmoja. Hutaka kitanda kizima. Samli haimtishi, nta haimtishi. Hakualikwa kwenye hafla hii. Akionekana, nyumba nzima iende zahanati, itibiwe siku moja, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, yale yale tuliyokataza kuogea.