Jinsi ya Kuiiba Nchi Yako na Kuificha Kitabuni

Unayo nchi. Unaipenda, inakukera, na usiku unashindwa kulala kwa sababu yake. Unataka kuiandika. Shida ni moja: ina wenyewe. Ina waziri, ina mkuu wa wilaya, ina mjumbe wa nyumba kumi, ina mjomba wako anayekula mshahara wa serikali na asiyetaka jina la ukoo litajwe. Ukiiandika kwa jina lake halisi, kila mmoja wao ataufungua ukurasa unaomhusu, na hakuna atakayesoma kurasa zilizobaki.

Dawa ipo, tena ya zamani. Iibe. Ichukue nzima pamoja na foleni zake, mihuri yake na hotuba zake, ivue jina, uivushe hadi kitabuni kwa jina lingine. Ni wizi wa halali, mwenzangu, na wakubwa wengi wa fasihi yetu wameufanya mchana kweupe. Nifuate.

1. Tafuta pa kuificha

Shaaban Robert aliificha angani. Kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, ofisini kule Tanga. Mtu wa namna hiyo ataandikaje kwamba kuna dola inayowafunga raia wake kwa kosa la kuwa na mawazo mema? Akaipandisha dola yenyewe hewani, akaipakanisha na pepo, kisha akaketi akaandika alichotaka.

Sasa tazama alichokifanya baada ya kupanda huko juu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Hakuleta majini wala ndege wenye vichwa saba kwenye kesi. Alileta baraza. Karama amesimama kizimbani, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta yatakayoifaa nchi. Kila mjumbe alitaabika njiani, kila mmoja alirudi na mashauri mazuri, na kila mmoja alipokewa na gereza. Mambo hayo hayana hata chembe ya anga ndani yake. Yeyote aliyewahi kupeleka wazo zuri kwa mkubwa anazijua hatua zake zote. Anga ni mlango tu. Ukishaingia, kila kitu kiwe cha ardhini, kina vumbi na kina harufu.

Kama anga imejaa, yupo Katama Mkangi wa kumfuata. Alitiwa kizuizini Kenya mwaka 1986, na mwaka 1995 akatoa Walenisi. Humo mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kufa, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa mbali, na chombo kile kilichokusudiwa kummaliza kinamfikisha kwenye nchi ambako watu wanaishi kiutu. Silaha ya dola ndiyo iliyogeuzwa usafiri. Jina la nchi hiyo lisome polepole, silabi kwa silabi, na utagundua kwamba amekuvusha na wewe.

Au usiipe nchi jina kabisa. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, alichukua kigogo mmoja akampa herufi moja tu, K, akamtoa babu yake kaburini aje kumtembeza kwenye maisha ya watu aliowasahau. Nchi haitajwi, na wala huhitaji kuuliza.

2. Bendera iache

Waandishi wachanga wakibuni nchi hukimbilia rangi za bendera, wimbo wa taifa, ramani yenye mito mitatu. Acha. Hayo ndiyo mambo ambayo serikali yenyewe hukuonyesha, na wewe hukuja kuiba kilichotandazwa mbele. Nenda kakae kwenye benchi la ofisi yoyote ya umma. Muhuri uko kwenye droo, droo imefungwa, na ufunguo ameondoka nao mtu aliyekwenda msibani. Mzee anaambiwa arudi Jumatatu. Anakuja mwenye gari, na ufunguo unapatikana. Hilo ndilo taifa, na limekuja lenyewe mbele yako. Andika nani alisimama, nani alipita mbele, na wale waliosimama waliambiana nini walipomwona anapita.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilijua hilo. Riwaya yake ya Mũrogi wa Kagogo, aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006, imejengwa juu ya nchi ya Aburĩria, na kitu kimoja kikubwa humo ni foleni. Watu wanapanga mstari kutafuta kazi, mstari unazaa mstari, mpaka dola inaanza kuuogopa. Na mawaziri je? Mmoja, Machokali, amekwenda London kukuzwa macho ili awaone maadui wote wa mkuu wake. Mwenzake Sikiokuu, ili asipitwe, amekwenda Paris kukuzwa masikio. Majina yao ni ya Kiswahili ndani ya riwaya ya Kikuyu, na msomaji wa Mombasa au Dodoma hahitaji kuelezwa.

Utapenda kuiga hapo, kwa hiyo iga vizuri. Ngũgĩ hakubuni kutoka hewani. Alichukua jambo tunalolijua sote, kwamba wapo watu walio tayari kujigeuza chochote ili mkubwa awatazame kwa jicho zuri, akalisogeza hatua moja mbele ya linapowezekana. Hatua moja inatosha. Ukisogeza kumi, msomaji ataona mazingaombwe, atapiga makofi na kwenda zake, na nchi yako utakuwa umeipoteza njiani.

Na kama huna uwezo wa kuwakuza watu masikio, tumia keki. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, utawala wa Sagamoyo unaadhimisha miaka sitini ya uhuru. Soko ambalo watu walilitegemea limefungwa. Mchongaji Sudi anabembelezwa achonge kinyago cha shujaa wa nchi kwa ajili ya sherehe, na analetewa kipande cha keki ya uhuru. Anaikataa, kwa sababu anajua imeshaliwa na wengine kabla ya kumfikia. Kipande kimoja cha keki mkononi mwa mtu mmoja kimesema kuhusu uhuru yale ambayo hotuba ya saa mbili isingeyasema. Tafuta keki yako.

3. Mvue mtawala uso

Utakuwa na hamu ya kumchora. Utataka kuweka ile fimbo, ule mwanya, ule msemo wake anaoupenda kwenye mikutano. Jizuie. Mvike tabia, sura umnyang'anye. Shaaban Robert hakuandika gavana mwenye kofia ya manyoya, aliandika Majivuno, na majivuno hayajawahi kwenda likizo katika serikali yoyote.

Kinga yako kubwa iko hapa, na inatokana na majivuno hayohayo. Hakuna mkubwa atakayesimama hadharani aseme: yule mwizi wa ukurasa wa arobaini ni mimi. Kumshtaki mwandishi ni kukiri kosa. Na msaidizi wake je? Amekisoma kitabu chote, amemtambua bosi wake tangu sura ya kwanza, lakini nani atakwenda kumwambia? Atakayethubutu kusema "mheshimiwa, huyu dhalimu anafanana na wewe" amejitafutia balaa kubwa kuliko la mwandishi. Kwa hiyo ananyamaza, kitabu kinapita, kinafika mbali.

Kinafika hadi darasani. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia na Kigogo vimewahi kuwa vitabu vya kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Vijana wa Kenya waliketi katika vyumba vya mitihani vya serikali, chini ya wasimamizi wa serikali, wakaeleza kwa hoja na mifano jinsi mtawala Bokono anavyoikandamiza Butangi na jinsi mwenzake Majoka anavyoinyonya Sagamoyo, na wakapewa alama. Nchi iliyoibwa ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa imefungwa kama zawadi, naye akaipokea na kuisambaza mikoani. Kazi safi namna hiyo ndiyo nakutakia.

4. Weka ndugu msaliti

Hatua hii inauma, na ndiyo inayotenganisha nchi na tangazo. Mwandishi mwenye haraka huigawa nchi yake mara mbili: juu mkubwa mbaya, chini watu wema. Msomaji anamchukia mkubwa, anajipenda mwenyewe, anafunga kitabu akiwa vilevile alivyokuwa.

Kithaka wa Mberia hakumruhusu msomaji wake atoke hivyo. Katika Kifo Kisimani, Mwelusi, kijana anayetaka watu wa Butangi wayafikie maji yao, haangushwi na mkono wa Bokono. Anayemuua pale kisimani ni Gege, ndugu yake, na Gege ameahidiwa binti wa mtawala. Udhalimu umekuja nyumbani, umevua viatu mlangoni, umeketi mkekani. Siku nyingine nitaandika kirefu kuhusu Gege, kwa sababu naamini ndiye mhusika muhimu kuliko wote katika tamthilia zetu za kisiasa. Yeye ndiye anayeonyesha kwamba mtu mmoja hawezi kuitawala nchi nzima bila kupata mikono ya kuazima.

Basi na wewe mtafute Gege wako. Usimpe meno ya fisi. Mpe njaa ya kweli, mpe mama anayempenda, mpe ahadi ambayo hata wewe ungeitafakari usiku kucha. Na ile nafasi ya shujaa anayesema maneno mazuri usijiwekee wewe. Tunajua unaitamani, kila mwandishi anaitamani. Mpe mtu mwingine, ikiwezekana mtu usiyemwelewa vizuri.

5. Njia ya mkato ya kushindwa

Ipo, nayo ni rahisi: iba nchi ya watu wengine ili uicheke. Evelyn Waugh wa Uingereza alikuja Ethiopia mwaka 1930 kuandika habari za kutawazwa kwa Haile Selassie, akapita Zanzibar na Kenya, na mwaka 1932 akatoa riwaya ya Black Mischief. Humo ameunda kisiwa kiitwacho Azania karibu na pwani yetu, na mfalme kijana aliyesoma Oxford anayetaka kuleta maendeleo kwa amri. Askari wake wanapewa viatu vya kisasa. Wanavila.

Waugh ana ustadi wa sentensi ambao yeyote angeuonea wivu. Lakini angalia pale kwenye viatu. Hakuna askari hata mmoja anayepewa sababu, jina la mama yake, au neno la kujibu. Nchi nzima imeumbwa ili mtu aliyeketi mbali acheke kidogo baada ya chakula cha jioni. Mfalme anachekwa, watu wanachekwa, na Uingereza iliyotawala sehemu kubwa ya pwani hiyo inatoka na vumbi kidogo tu kwenye koti. Kejeli ya namna hiyo haimgharimu mwandishi chochote, na mimi siiheshimu. Iba nchi ambayo ikiungua utakimbilia ndoo. Watu wake uwape akili timamu hata wanapokosea, maana wewe umeishi nao na unajua wanazo.

6. Jiandae kwa siku ya kukamatwa

Kinga niliyokupa katika hatua ya tatu ni nzuri, lakini si hirizi. Mwaka 1986 Ngũgĩ, akiwa uhamishoni London, alitoa Matigari kwa Kikuyu. Mwanzoni kabisa aliwaambia wasomaji kwamba nchi hiyo ni ya kubuni, haina hata jina, na waiweke popote wanapotaka. Mapema mwaka 1987 habari zikawafikia wakubwa wa Kenya kwamba kuna mtu anaitwa Matigari, anazunguka kule mashambani akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipomtafuta wakakuta ni mhusika wa riwaya. Basi mwezi Februari kikakamatwa kitabu, kikaondolewa madukani.

Kumbuka alianza kutafutwa Matigari mwenyewe, kabla ya kitabu. Wanavijiji walikuwa wameshamtoa Matigari kwenye kurasa na kumpa njia za kupita, nyumba za kulala na watu wa kuzungumza nao. Hapo mwandishi ameshapata alichokitaka, hata kama duka halina nakala moja. Hili haliwezi kukufikia kama ulijificha kwa woga na kuacha mtawala hewa asiyemgusa yeyote. Linamfikia yule aliyefuta jina la nchi kisha akaandika kila kitu kingine kwa usahihi, mpaka msomaji akalijaza jina mwenyewe kwa kalamu yake.

Kwa hiyo siku mtu mwenye cheo atakapokuita na kuweka kitabu chako mezani, akakuuliza ni nchi gani hii, usitetemeke na usitaje. Muulize amefika ukurasa wa ngapi, na ni wapi hasa alipoanza kushuku. Kisha nyamaza, umwache aeleze mwenyewe.