Jiwe la Kabatini
Kila Februari, mjini Tucson, Marekani, watu wazima hufurika kusifia mawe. Mkusanyaji halisi hataki tanzanaiti iliyochongwa, wala iliyochomwa igeuke buluu. Anataka fuwele nzima kama ilivyozaliwa, imekalia mwamba wake, ncha haijamegeka hata chembe. Ncha ikivunjika, bei nayo huporomoka.

Pole, kaka mwanaapolo, mchimbaji wa Mererani, Tanzania! Tangu 1967 jiwe hilo linasakwa kwa jasho, nyundo na baruti, kumbe mteja anataka lisiguswe. Limelala ardhini mamilioni ya miaka bila mlinzi. Leo lina kabati, taa na bima. Wewe uliyelitoa shimoni, bima unayo? Mwenye macho haambiwi tazama. Ila mwenye nyundo aambiwe: polepole.