Gololi ya Kumi na Mbili

Kwa miezi miwili pedali ya kushoto ya baiskeli yangu imekuwa ikilia. Krii-tak, krii-tak, kutoka Ngamiani mpaka kazini, na jioni hivyo hivyo. Muuza kahawa wa pale kona alikuwa akinimiminia kikombe kabla hata hajaniona.

Fundi wa chini ya mwarobaini aliitikisa mara moja tu. "Mzee, hii inacheza. Grisi imekauka, koni imelegea. Elfu tatu."

Elfu tatu! Kwa grisi ya ncha ya kidole! Nikamwambia nitapita kesho, na sote wawili tukajua kuwa sitapita.

Jumamosi nikatandika gazeti uani, nikaazima spana namba 15, nikaanza kufungua kama vinavyofunguliwa vitu vyote duniani. Pedali haikutikisika. Nikapanda juu ya spana, mguu mmoja hewani, nimeushika mpapai. Mtoto wa jirani, hata darasa la tano hajafika, akasema, "Babu, ya kushoto inafunguliwa kinyume." Kwanza, mimi si babu yake. Pili, alisema kweli. Uzi wa pedali ya kushoto umechongwa kinyume, maana ungekuwa kama wa kulia, miguu yako yenyewe ingeifungua njiani. Shika kalamu kwa kuilegeza ndani ya ngumi, kisha zungusha ncha yake ya juu: utaiona inabiringika upande mwingine. Ndicho kinachofanyika pale chini kila ukikanyaga. Maana yake ni kwamba kwa nusu saa nzima nilikuwa naikaza, tena kwa uzito wangu wote.

Ilipotoka, nikang'oa kizibo cha vumbi, nati, washa na koni. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kama masizi ya sufuria ya msibani. Nikauchomoa mhimili. Kila mtoto wa gereji anajua kwamba grisi ndiyo inayozishikilia gololi mahali pake, na ikikauka hazina cha kuzizuia. Mimi nilijua baada ya kuzisikia zikimwagika. Zina milimita kama tatu, sawa na punje ya mtama.

Na uani kwetu kuna kuku.

Nilipiga magoti, nikafagia kwa viganja, nikamfukuza jogoo, nikarudi kuhesabu. Zilitakiwa 24, yaani 12 kila upande. Zilikuwa 23. Tetea mwekundu alikuwa amesimama pembeni, shingo ameinyoosha, ananitazama kwa jicho moja.

Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi bila ubahili, nikazipanga moja moja kwa kijiti. Kumbe kazi ilikuwa bado. Koni ukiikaza mno, pedali inakuwa nzito kama jiwe la kusagia na gololi zinachimba njia yake. Ukiilegeza, inayumba. Inatakiwa izunguke laini na isichezecheze hata kidogo. Nikaipata sawasawa! Nikakaza nati ya juu, nati ikaondoka na koni. Kati yao kuna washa yenye kiulimi kinachoingia kwenye mfereji wa mhimili, ili nati isiiburute koni. Ya kwangu ulimi ulikuwa umekatika, sijui enzi za nani. Nikalegeza, nikakaza, nikalegeza. Mara ya kumi nikaiacha koni imelegea kidogo kwa makusudi, nati ilipoiburuta ikaifikisha pale pale ninapotaka. Wakati huo adhana ya magharibi ilikuwa imeshaisha, na mama watoto alikuwa ameacha kuniuliza chochote, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumatatu nikapita mwarobaini kwa ukimya mtupu. Muuza kahawa hakuniona, nikakikosa kikombe changu. Fundi akaniita, akazungusha pedali kwa kidole, sikio ameliinamisha.

"Umefunga vizuri mzee. Ila humu gololi moja hamna."

"Najua. Iko nyumbani."

"Basi ilete niiweke."

Nikamwambia avute subira hadi Idi. Nyumbani nimeshatangaza kwamba tutakapomchinja yule tetea mwekundu, firigisi ni ya baba, kama desturi ilivyo, na mtu asiiguse. Nitaitafuna polepole.